Unatafuta Nani Hapa?

Huku kwetu, mtu akifunga begi kwenda Nairobi peke yake mara ya kwanza, hakosi mmoja wa kumwambia: chunga usifanyiwe kama Mwas. Mwas ni nani, hakuna haja ya kueleza. *Nairobi Half Life* ilitoka mwaka 2012, ikaongozwa na David "Tosh" Gitonga, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuwasilisha kuwania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alituzwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo. Lakini huku kwetu haikufika kama filamu ya tuzo. Ilifika kwa DVD za kukopiwa, baadaye kwa flashi, na ikakaa kama onyo.

Unaikumbuka hadithi. Mwas ni kijana wa ocha anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, mikono hewani, milio ya bunduki kwa mdomo. Anataka kuwa mwigizaji. Anapanda gari kwenda jijini akiwa amebeba mzigo wa watu, na kabla hajaelewa mtaa upi unaelekea wapi, ameporwa kila kitu. Usiku wake wa kwanza Nairobi analala seli. Hapo ndipo anakutana na Oti, na kupitia Oti anaingia genge. Mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku anaiba vipuri vya magari.

Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara nne na bado naipenda. Ila nina ugomvi nayo, na ugomvi huo ninao na karibu kila hadithi ya mtu wa mashambani anayeingia jiji peke yake. Zinatufundisha kuogopa kitu kidogo. Zinatuonyesha mwizi, kwa sababu mwizi anaonekana vizuri kwa kamera: anakimbia, anapiga, anapotea kwenye umati. Hofu yenyewe haikimbii. Imesimama mlangoni na inakuuliza swali.

Natoka Chaka. Kama umewahi kwenda Nanyuki umepita hapa: ukishaiacha Kiganjo, kabla ya Naro Moru, kuna soko, magari ya kuteremsha viazi na kabeji, na asubuhi kukiwa hakuna wingu, mlima umekaa hapo kulia kana kwamba ni wa mtu jirani. Nairobi iko kilomita kama 150. Kwa matatu ni asubuhi moja: Karatina, Sagana, Makutano pale wanapokusukumia ndizi dirishani, Kenol, halafu Thika Road inakupanukia na matumbo yanaanza kukaza. Treni ya Nanyuki ilirudi Desemba 2020 baada ya miaka mingi ya reli kumea nyasi, lakini hiyo ni ya mtu asiye na haraka. Si mbali, ukweli usemwe. Kuna watu wa hapa wanaopeleka karoti Nairobi usiku na kurudi kabla watoto hawajaenda shule. Umbali hautoshi kueleza kwa nini mtu wa miaka kumi na tisa anakosa usingizi siku tatu kabla ya safari.

Mimi nilipokwenda peke yangu mara ya kwanza, baada ya Form Four, nilipewa maagizo na cucu usiku mzima. Pesa ya nauli ya kurudi ikae kwa soksi. Usitazame juu kwenye maghorofa, watajua. Usisimame katikati ya njia ukisoma karatasi. Ukipotea, muulize mama anayeuza kitu, usimuulize kijana aliyesimama bure. Haya yote ni ya Mwas, ni ya mwizi. Lakini agizo la mwisho, ambalo alilirudia mpaka gari likang'oa, halikuhusu mwizi kabisa: "Mtu akikuuliza unaenda wapi, mwambie unaenda kwa tata yako." Tata mwenyewe alikuwa Githurai, na mimi nilikuwa nakwenda mjini kwa mahojiano ya chuo. Haikujalisha. Nilipaswa kuwa na jina la mtu mdomoni.

Nilielewa mbele ya mlango wa jengo nililotumwa. Bawabu alifungua daftari kubwa la wageni, akanigeuzia. Jina. Nambari ya kitambulisho. Saa ya kuingia. Unamwona nani. Sababu ya kuja. "Unatafuta nani?" aliuliza, kwa upole tu, kazi yake. Mkono wangu ulitetemeka kuliko vile ulivyowahi kutetemeka kwenye steji ya Tea Room nikiwa nimeukumbatia mkoba. Mwizi anataka simu yako. Lile daftari lilitaka nieleze kwa nini nipo.

Hilo ndilo swali la jiji, na si la jana. Kwa watu wa Nyeri lina tarehe. Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakapangwa mistari, wakaulizwa wao ni nani na wanafanya nini mjini. Mtu aliyefunikwa gunia, macho tu yakionekana, alitikisa kichwa, na hapo safari yako ilikuwa imeamuliwa. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, na maelfu wengine walirudishwa mashambani. Kipande, pasi, barua ya mwajiri: jiji lilikuwa mahali ambapo mtu mweusi aliruhusiwa kuwepo kama ana sababu iliyoandikwa. Hata baada ya uhuru, sheria ya uzururaji iliendelea kuwepo vitabuni hadi ilipofutwa mwaka 1997. Kwa hiyo cucu, aliyekuwa msichana wakati ule, hakuwa anaropoka aliponipa jina la kubeba. Alikuwa ananipa pasi ya aina anayoijua.

Sasa rudi kwenye filamu ukiwa na swali hilo mkononi, utaona kwamba sehemu yake bora imejificha nyuma ya ile tunayoisimulia. Uporaji unapita haraka, karibu kama kichekesho. Kinachouma ni seli. Mwas hana wa kumtaja na hakuna wa kumtafuta. Wafungwa wanampa kazi ya kusafisha choo ambacho hakuna mtu angekikaribia, na anachofanya ni kuigiza. Anakigeuza choo kuwa jukwaa. Wairimu yuko juu sana hapa, kwa sababu unaona woga na ucheshi vikikaa uso mmoja bila kufukuzana. Baadaye, kwenye majaribio ya kuigiza, anaulizwa swali lilelile kwa lugha ya watu waliosoma: wewe ni nani, unaweza nini. Seli na jukwaa ni chumba kimoja. Filamu inalijua hilo, halafu inalisahau kwa sababu kuna magari ya kuibwa.

Hapo ndipo inaponikwaza. *Nairobi Half Life* inampa mgeni milango miwili tu: genge au jukwaa. Lakini wengi wetu tuliingia kwa mlango wa tatu, wa tata. Godoro sebuleni. Kuamka kabla ya wenye nyumba ili usionekane umelala sana. Kuosha vyombo hata visivyo vyako. Kujua ni siku ngapi unaweza kukaa kabla mwenye nyumba hajaanza kuuliza, kwa upendo, mambo yanaendaje. Hakuna filamu ya tata. Hakuna damu ndani yake, kwa hiyo inaonekana haina hadithi.

Miaka karibu arobaini kabla ya Mwas, kuna mtu aliyetoka barabara hiihii yetu aliyeandika jambo hilo kwa ukali zaidi. Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948, na *Kill Me Quick* ilichapishwa 1973. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule, wana vyeti, na kila ofisi inawajibu kwamba hakuna kazi. Wanalala vichochoroni na kula kinachotupwa mapipani. Ukikisoma leo utashangaa jinsi mwizi alivyo mdogo ndani yake. Hakuna anayewapora, kwa sababu hawana kitu. Wanachoibiwa ni jibu. Cheti kilitakiwa kuwa jibu la "unatafuta nani", na jiji linakitazama kama karatasi ya kufungia nyama.

Halafu Mwangi anafanya jambo ambalo filamu haikuthubutu. Anamrudisha Meja nyumbani. Kijana anafika karibu na kwao, anaona familia yake inasubiri matunda ya ile shule iliyolipiwa kwa jasho, na anashindwa kuingia mikono mitupu. Anarudi alikotoka. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa muda. Kumbe kuna swali la pili. Jiji linauliza: unatafuta nani? Nyumbani wanauliza: umetuletea nini? Yule mtu asiyelala siku tatu kabla ya kupanda matatu amelala, kama ni kulala, katikati ya hayo maswali mawili. Ukimwambia aweke pesa kwa soksi, umemtatulia shida ambayo siyo.

Hata hivyo, *Kill Me Quick* nayo ina upofu wake. Mwangi ni mkali, anachekesha pale ambapo hapafai kucheka, na mitaa yake inanuka hadi leo. Lakini jiji lake ni la wanaume. Wanawake wapo pembeni, wameshafika, wameshakuwa wa mji. Ni hivyohivyo kwa filamu: Amina tunamkuta tayari yuko Nairobi, tayari anajua bei ya kila kitu. Alifikaje? Alikuwa na umri gani? Nani alimpa jina la kubeba mdomoni? Hadithi zetu zimejaa wanawake ambao jiji limeshawameza na wanaume ambao jiji ndiyo linawatafuna. Safari ya msichana peke yake, ile ya masaa matatu kutoka Chaka hadi Tea Room akiwa amekaa dirishani na mwanamume asiyemjua amemlalia bega, imerukwa.

Nalisema hili kwa sababu niliulizwa. Tuna kikundi kidogo cha kusoma hapa, watu saba, tunakutana Jumamosi nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mmoja wetu, wa miaka kumi na tisa, alikuwa anaripoti chuo Nairobi mwezi uliofuata. Hakuwahi kulala nje ya kaunti. Aliuliza, bila mzaha: kati ya vitu hivi tunavyosoma na kutazama, ni kipi kinaweza kumsaidia mtu anayeogopa? Wenzake walicheka kidogo. Mmoja akamwambia, "Manze, wewe tazama Mwas ujue unaenda wapi." Yeye akajibu ameshamtazama, na ndiyo maana anauliza.

Mkosoaji hapendi swali kama hilo. Tumezoea kusema fasihi haina kazi ya kumsaidia mtu kuvuka barabara. Lakini kama hadithi zimeweza kumtia mtu woga, basi tunayo haki ya kuuliza zinaufanyia nini huo woga baada ya kuuamsha.

Nilimpa *Coming to Birth*. Wakubwa wenu huenda walikisoma shuleni kama kitabu cha mtihani, na wakakichukia kwa sababu hiyo. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, mwaka uleule wa Anvil, akaolewa Nyanza na kuandika akiwa Mkenya. Kitabu kilichapishwa 1986. Kinaanza 1956, Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea. Paulina, msichana wa miaka kumi na sita, anashuka kwenye treni Nairobi kumfuata mumewe Martin. Ana mtu wa kumpokea. Ana jina la kubeba. Kwa kipimo cha cucu, yuko salama.

Muda si mrefu anapoteza mimba, anapelekwa hospitali, na siku ya kutoka anaanza safari ya kurudi nyumbani peke yake. Hapo anapotea. Hakuna genge. Hakuna kisu. Kuna msichana mgonjwa katika mji ambao nyumba zake zinafanana, maneno ya kuulizia njia ni machache mdomoni mwake, na karatasi za serikali zinaweza kudaiwa kona yoyote. Macgoye haharakishi. Anakaa naye. Tunajua miguu inauma wapi, tunajua ni nani ametoa chakula na nani ametazama pembeni. Na hatimaye anapofika nyumbani, pigo linatoka kwa mume, ambaye naye ana swali lake: ulikuwa wapi?

Utaniuliza, hicho ndicho cha kumpa msichana anayeogopa? Ndiyo. Kwanza, kwa sababu hakimdanganyi kuhusu hatari inakotoka. Anayemuumiza Paulina ni yule aliyekuwa jina lake la usalama. Kila msichana wa kundi letu alilielewa hilo haraka kuliko mimi. Maonyo tunayowapa yote ni ya watu wasiowajua, na wao wanajua kwamba mara nyingi mlango wa kuogopa ni ule wenye mtu unayemjua.

Pili, na hili ni la ufundi, kwa sababu kitabu hakimfanyii Paulina mzaha. Kwa Mwas, woga ni ushamba, na ushamba ni kichekesho mpaka atakapojifunza ujanja. Lafudhi yake ya Kikikuyu inachekesha ukumbi. Kuwa wa mji maana yake ni kuacha kutetemeka. Macgoye anaona kinyume. Paulina anapotea akiwa macho kabisa. Woga wake ndio unaomfanya atambue kona, ageuke, akumbuke. Kurasa za baadaye zinamchukua hadi miaka ya 1970, na yule aliyepotea siku ile ndiye anayekuja kuujua mji kwa ndani, afanye kazi yake, ajisimamie. Macgoye haandiki kwamba amekuwa jasiri. Anaandika kwamba amejua njia. Naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Kina kasoro. Sehemu za kati zinajazana matukio ya kitaifa, mauaji ya huyu na yule, mpaka wakati mwingine unahisi Paulina amesimama tu ili historia ipite. Na kimeandikwa kwa Kiingereza, sawa na *Kill Me Quick*. Hilo linanisumbua zaidi ya kasoro nyingine yoyote, kwa sababu swali lenyewe haliulizwi kwa Kiingereza. Mtu wa Chaka anaongea Kikikuyu nyumbani, Kiingereza kwa karatasi za mtihani, na siku ya kwanza Nairobi anaulizwa kwa Kiswahili: unatafuta nani? Hofu yetu ina lugha, na vitabu tulivyosomeshwa kuhusu Nairobi vimeitafsiri kabla haijatufikia. Filamu ya Gitonga, pamoja na ugomvi wangu wote, ilitutendea haki hapo. Iliacha watu waseme wanavyosema, Sheng na Kikikuyu na yote.

Kwenye Kiswahili, kijana anayesafiri peke yake tunaye: ni wa Ken Walibora, katika *Siku Njema* ya 1996. Anatoka Tanga, anavuka mpaka, anamtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Ukimsimamisha popote ukamuuliza anamtafuta nani, ana jibu. Ndiyo maana, nadhani, riwaya ile iliwafariji wengi waliokuwa wakiisoma kwenye mabweni: dunia inakuwa kubwa kwa kiasi tu cha mtu mmoja anayesubiriwa. Ni faraja, na ni upungufu pia. Wengi wetu tunakwenda mjini na hakuna baba mwishoni mwa barabara.

Na Walibora mwenyewe, aliyeishi katika miji mikubwa ya mabara mawili, aligongwa na matatu Landhies Road, Nairobi, Aprili 2020. Zilipita siku kadhaa kabla ndugu na marafiki waliokuwa wakimtafuta hawajajua kwamba mwili wake ulikuwa mochari. Siwezi kulitaja hilo kama mfano wa jambo fulani. Ninalitaja kwa sababu tangu siku hiyo siwezi tena kumwambia mtu kwamba woga wa jiji ni utoto unaoisha ukizoea. Yeye alikuwa amezoea.

Msomaji wetu alikwenda chuo. Alikisoma kitabu kwa wiki mbili, akanirudishia kikiwa na mistari ya penseli pembeni, mingi ikiwa kwenye zile kurasa za kupotea. Hakuniambia kwamba woga umeisha, na sikumuuliza. Aliniambia kitu kingine: kwamba amegundua anaweza kuandika orodha yake mwenyewe ya maagizo, na kwamba kwenye orodha yake hakuna soksi. Ya kwanza ilikuwa nambari tatu za simu alizozishika kwa kichwa. Ya pili ilikuwa sentensi moja aliyoifanyia mazoezi kwa sauti, ya kujibu mtu yeyote mlangoni: "Nimekuja kwa shughuli zangu."

Sentensi hiyo haimo kwenye filamu yoyote niliyotaja, wala kwenye kitabu. Mwas hakuwahi kuweza kuisema. Meja na Maina waliinyimwa. Paulina aliifikia baada ya miaka ishirini hivi. Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili, ya mtu wa huku, inayoanzia hapo: msichana ameshuka Tea Room saa nne asubuhi, hakuna aliyemwibia, hakuna anayemsubiri, na bado moyo unadunda. Kurasa mia tatu za hiyo siku moja tu. Nani ataiandika?